Kufuli la Tata Wamboi

Jumatatu, 10 Machi

Masika yameanza leo, nami nimeanza kuwaalika waajiri. Yote mawili yamenilowesha.

Kazi yangu mpya ni hii. Bosi wangu, Zacharia Kimanzi, alikuwa msimamizi wa kiwanda miaka mingi, na sasa anafundisha usalama na afya kazini. Ofisi yetu iko Thika, juu ya duka la mbegu. Yeye ndiye mwalimu, mimi Waruguru ndimi mdomo. Nazunguka Thika hadi Ruiru nikiwabembeleza wenye viwanda, karakana na bekari waje wakae siku moja wafundishwe jinsi ya kutoua watu wao. Zacharia hataki niseme hivyo. Anataka niseme "kuboresha mazingira ya kazi."

Mafunzo ni tarehe 28 Aprili, siku ambayo dunia nzima huadhimisha mambo haya, katika ukumbi wa kanisa Ruiru. Nimeanza na Bwana Njau, mwenye karakana ya milango ya chuma. Alinisikiliza vizuri, akaniitia chai, akaniambia, "Hiyo ni kitu poa sana, madam. Hiyo siku nitakutumia mtu."

Jumatano, 12 Machi

Wengine watatu, na wote watanitumia mtu. Viatu bado vimelowa.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemuuliza Zacharia huyu "mtu" ni nani hasa. Amecheka mpaka akavua miwani. Anasema mwaka jana aliandaa mafunzo ya waajiri, wakaja mpishi wa chai, dereva, na mpwa wa bosi aliyemaliza chuo pale Juja akawa hana la kufanya. Walijifunza vizuri mno. Wakarudi kazini wanajua kila kitu, ila hakuna hata mmoja mwenye ruhusa ya kununua jozi ya glavu. Mpishi alimwambia bosi wake kwamba mlango wa dharura lazima ufunguliwe. Bosi akamwambia afungue chupa ya chai.

"Safari hii nataka wenyewe," alisema Zacharia. "Yule anashika pesa na funguo. Ukiniletea wapishi, Waruguru, nitakupeleka Gatuanyaga uchunge mbuzi zangu."

Jumapili, 16 Machi

Baada ya kanisa nimepitia kwa Nyawira, mdogo wangu. Tumbo limekuwa kubwa, atajifungua mwezi wa sita. Anafanya kazi katika bekari ya Tata Wamboi hapo Ruiru. Tata si shangazi yetu wa damu. Yeye na mama yetu walikuwa marafiki tangu wasichana, na huko kwetu hiyo inatosha kumwita mtu tata.

Tulikuwa tunakula chapati, tunacheka mambo ya bekari, Nyawira akataja kwa kupita tu kwamba mlango wa nyuma hufungwa kwa kufuli. Kila siku. Ufunguo ni mmoja, na Tata anao kifuani, umening'inia kwa kamba ya kiatu. Anaenda nao kanisani, anaenda nao kwenye chama cha akina mama, anaenda nao matangani.

"Kwa nini?"

"Mikate ilikuwa inatokea huko. Si unajua watu."

"Na moto ukitokea?"

"Aki Waruguru, hiyo kazi yako imekuharibu. Kula."

Nimekula.

Jumanne, 18 Machi

Nimeenda bekari. Ukitaka kumchukia Tata Wamboi, usiende kwake, maana kabla hujafungua mdomo ashakuwekea mkate wa moto mkononi na kukuuliza kama unakula vizuri. Ni mnene, mchangamfu, ana macho ya kuona punje ya sukari iliyoanguka. Wafanyakazi wanampenda. Hilo lilinisumbua, kwa sababu nilikuwa nimekuja na hasira zangu tayari.

Nikauona mlango. Upo nyuma kabisa, kati ya magunia ya unga. Juu yake pameandikwa KUTOKEA kwa rangi nyekundu iliyopakwa vizuri, na chini ya maandishi kuna kufuli kubwa kama ngumi ya fundi. Mlango mwingine ni wa mbele tu, na kuufikia lazima upite kando ya oveni.

"Tata, sheria inasema watu wakiwa ndani huo mlango usifungwe."

"Sheria haijawahi kuibiwa mkate," alisema, na akanipapasa bega. "Hayo mafunzo yako ni mazuri. Nitatuma Akello."

Akello ndiye msimamizi wake, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Aliniangalia juu ya kreti za mikate, akainua nyusi. Alijua kama mimi kwamba hata akifundishwa mwaka mzima, ufunguo hauko kifuani kwake.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Zacharia ameniuliza nimepata waajiri wangapi. Nimemwambia barabara ni mbaya.

Alhamisi, 27 Machi

Nimegombana na Nyawira. Nimemwambia nitaita mkaguzi wa serikali. Ameweka mikono juu ya tumbo na kuniambia polepole: "Wakifunga bekari, tunalala njaa wote, sio mimi tu. Na mami hatakusamehe. Ongea na Tata, wewe si ndio mdomo?"

Nimeongea na Tata mara tatu. Mara tatu nimerudi na mkate.

Alhamisi, 3 Aprili

Lazima niandike kabla sijalala.

Leo Tata alikuwa amealikwa ruracio huko Murera, mahari ya binti wa rafiki yake. Aliondoka asubuhi na kitambaa kipya kichwani na ufunguo kifuani. Mchana mvua ikanyesha kwa ngurumo, taa zikazimika, stima ikapotea, kisha ikarudi kwa nguvu kuliko ilivyoondoka. Sanduku la swichi, lile lililo ukutani karibu na oveni, likalipuka. Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Moshi ndio ulikuwa mweusi, na ulijaa bekari kabla mtu hajamaliza kumwita Mungu, "Ngai."

Wote walikimbilia nyuma. Nyawira anasema hakuna aliyewaambia, miguu yenyewe ilisoma KUTOKEA. Walivuta, wakapiga teke, wakagonga kwa sinia. Mlango wa Tata ni mzuri, aliutengeneza Bwana Njau mwenyewe, haukutikisika.

Ni Akello aliyewatoa. Alipiga ukelele wakanyamaza. Akalowesha magunia ndani ya pipa la maji, akawafunika vichwa, akawaambia kila mtu ashike aproni ya aliye mbele, na wakapita kando ya oveni wameinama, ule moshi juu yao. Nyawira alikuwa wa pili kutoka mwisho, na wa mwisho alikuwa Akello. Jirani mwenye duka la rangi alizima moto kwa mchanga.

Nilipopigiwa simu nilikuwa Thika. Sijui nilifikaje. Nilimkuta Nyawira kliniki, uso mweusi kwa masizi, amewekewa hewa puani. Daktari alinisikilizisha mapigo ya moyo wa mtoto, tuku tuku tuku, haraka kama mtu anayekimbia. "Mtoto yuko sawa," akasema. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto mwenyewe.

Tata alifika na nguo zake za ruracio, matope hadi magotini. Aliwakumbatia wote mmoja mmoja, analia kweli, machozi si ya kuazima. Aliwanunulia soda. Akaomba maombi marefu pale nje ya kliniki, na mtu akipita anasema amina.

Nikamwambia, "Tata, mlango."

"Mungu ametuonekania, mwanangu. Hiyo stima nitaita fundi kesho."

"Tata, mlango!"

"Kunywa soda, Waruguru. Umeshtuka."

Ijumaa, 4 Aprili

Fundi wa stima amekuja. Kufuli lipo.

Jumapili, 6 Aprili

Tata ametoa ushuhuda kanisani. Jinsi Bwana alivyowavusha watu wake katikati ya moshi. Kanisa zima lilipiga makofi. Akello alikuwa kiti cha nyuma, akapiga makofi mawili, akaishia hapo. Mimi sikupiga hata moja. Nilitaka kusimama na kuuliza kama Bwana angependa kupewa nakala ya ufunguo.

Kisha ikafuata harambee ya paa la kanisa, na hapo, katikati ya hasira zangu, macho yakafunguka. Mstari wa mbele ulijaa. Bwana Njau yupo na suti. Yule mwenye mashine ya kupasua mbao yupo, ambaye huwa hata simu yangu hashiki. Wenye machimbo ya mawe, wenye viwanda vya nguo, wenye kusindika maziwa, wote. Hakuna aliyetuma mpishi. Kwa nini? Kwa sababu ratiba ilikuwa na majina yao, na kila mmoja aliitwa mbele kama mgeni wa heshima. Mtu wa huku hatumi mtu kwenda kupokea heshima yake.

Jumanne, 8 Aprili

Nimejaribu kwa Bwana Njau. "Sikuja kukualika mafunzo," nilimwambia. "Nimekuja kukuomba utufungulie mkutano. Tunataka uwe mgeni wa heshima."

Alizima mashine ya kuchomelea. "Mimi?"

"Wewe."

"Kutakuwa na mtu wa picha?"

Jumatatu, 14 Aprili

Mwenye mbao amekubali kuwa mgeni wa heshima. Mwenye nguo amekubali. Mwenye maziwa ameuliza hotuba iwe ndefu kiasi gani, nikamwambia Roho akuongoze. Wote ni wageni wa heshima na hakuna anayejua habari za mwenzake. Zacharia ameiangalia orodha na kunikodolea macho.

"Wanakuja wenyewe? Umewapa nini?"

"Heshima, Mwalimu."

Jumamosi, 19 Aprili

Kesho ni Pasaka. Tata amekuja nyumbani kwa mama na mikate ya zabibu. Nilikuwa nimepanga kumnunia. Lakini mama alitoka kuangalia kuku, tukabaki wawili jikoni, na Tata akaanza kuongea bila kuulizwa.

Nilikuwa sijui kwamba aliwahi kuwa na bekari nyingine, Thika, nikiwa mdogo. Mume wake alikuwa amekufa mwaka uleule. Siku moja alisimama kwenye kibanda kununua chai, akapewa mkate, akautambua. Ulikuwa wake. Alipouliza, mwenye kibanda akamwambia huletewa kila asubuhi kwa bei ya kutupa, unatoka mlango wa nyuma wa mama mmoja mjinga. Hakujua ni yeye. Bekari ilikufa mwaka huo. Alianza tena kwa kuuza skonzi kwenye beseni.

"Hao wafanyakazi nilikuwa nawalisha nyumbani kwangu, Waruguru. Walinililia mazishini." Alishika ile kamba ya kiatu shingoni bila kujua. "Tangu siku hiyo, mlango usipofungwa sipati usingizi."

Hasira yangu ilitafuta mahali pa kukaa, ikakosa. Nilikuwa namwona kama mwanamke bahili anayethamini mkate kuliko watu, kumbe ni mwanamke aliyewahi kuchekwa huku anakula mkate wake mwenyewe. Nilimhurumia, nikampenda kidogo. Lakini mlango ulibaki kuwa mlango, na nyuma yake yuko mdogo wangu na mtoto.

"Tata," nikasema, "tunakuomba uwe mgeni wa heshima."

Ameliangalia gauni lake. Halafu: "Basi lazima nishone nguo."

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua haijakoma. Nguo ya Tata ni ya zambarau, na kola ndefu mpaka kidevuni.

Jumatatu, 28 Aprili

Wageni wa heshima walikuwa kumi na mmoja.

Walianza kufika na suti zao, na kila mmoja alienda moja kwa moja kwenye kiti cha katikati. Bwana Njau alikiwahi. Mwenye mbao alisimama karibu naye akikohoa, akingoja aondoke. Tata alifika na zambarau yake, akaangalia ile mistari ya watu wakubwa kila mmoja na karatasi ya hotuba mkononi, kisha akaniangalia mimi. Zacharia naye akaniangalia. Mimi niliangalia dari.

"Waruguru," alisema Zacharia kwa sauti ya chini, "hawa wote uliwaambia nini?"

"Ulisema unataka wenyewe."

Nilidhani nimeiona Gatuanyaga na mbuzi wake. Lakini Zacharia ni mtu wa viwanda, amezoea mashine kuharibika katikati ya kazi. Alipanda mbele akatabasamu. "Leo tumebarikiwa. Wageni wetu wa heshima ni wote mliopo. Kila mmoja atatufungulia mkutano kwa maneno machache, atuambie hali ilivyo kwake."

Hotuba zilienda mpaka chai. Kwa kila mmoja wafanyakazi ni kama familia. Bwana Njau alisema kwake hakuna mtu amewahi kuumia, isipokuwa wale walioumia kwa kutojichunga. Tata alisema kwake Mungu ndiye mlinzi.

Baada ya chai Zacharia alisogeza meza tupu katikati. "Swali moja tu. Kama una ufunguo hapa ambao sasa hivi umewafungia watu kazini, uuweke mezani."

Watu walichunguza viatu. Kisha Bwana Njau akacheka, akatoa ufunguo wa geti. "Lakini hii ni ya leo tu. Unajua bosi akitoka, hao watu wanatoroka."

"Hata mimi ni ya leo tu," akasema mwenye mbao, naye akaweka.

Mwenye nguo akaweka wake. Mwenye maziwa akaweka miwili. Ukawa mlima mdogo wa funguo, na wao wanachekeana kama watu waliokutana kwenye siri moja. Mimi nilizihesabu. Wanafunga wakiondoka. Wameondoka kwa sababu niliwaita. Kwa ujanja wangu wa wageni wa heshima, leo nimewafungia watu wa nusu ya Ruiru ndani ya kazi zao, siku ya usalama kazini.

Na hapo ngurumo ikapiga, stima ikapotea.

Hakuna aliyecheka. Mvua ilipiga mabati. Zacharia alisimama tu karibu na ile meza. Taa zikarudi, zikawaka sana, zikapepesa, zikatulia. Mtu mmoja akanong'ona, "Kama ile siku ya bekari."

Tata alisimama. Alitia mkono shingoni kutafuta kamba, kola ikamkatalia. Alivuta, akavuta tena, uso umebadilika, mdomo unasema "Nyawira, Nyawira, woi, Akello," na vifungo vya zambarau vikaruka mpaka kwenye meza ya chai. Ufunguo ukatoka. Hakuuweka mezani. Aliukamata kwa ngumi na akakimbia nje kwenye mvua, na viatu vya kisigino akaviacha mlangoni.

Ndipo wote wakaamka. Walirukia ile meza kwa pamoja. "Hiyo ni yangu!" "Wacha, yako ni ile ya shaba!" Bwana Njau alikimbia na ufunguo wa maziwa, akarudi, wakabadilishana mlangoni, wakaenda. Kufumba na kufumbua ukumbi ulikuwa mtupu. Tulibaki mimi, Zacharia, na sinia mbili za maandazi.

Zacharia alikaa chini. Nilingoja anifukuze.

"Miaka yote hii nimefundisha," alisema hatimaye, "sijawahi kuona wanafunzi wakienda kufanya kazi ya nyumbani mbio hivyo." Akachukua andazi. "Lakini usirudie tena huo uongo wako."

Nyawira alinipigia simu baadaye. Hakukuwa na moto. Walikuwa wanakanda unga, wakasikia kufuli linapigwapigwa kutoka nje, mlango ukafunguka, na Tata akasimama hapo bila viatu, nguo wazi, maji yanamtiririka. Aliwaangalia wote, kisha akakaa juu ya gunia la unga akalia. Hakuna aliyejua afanye nini, kwa hiyo wakampa chai.

Jumatano, 30 Aprili

Wageni wa heshima wamepiga simu, mmoja mmoja, wakiuliza mafunzo yataendelea lini. Wenyewe.

Jumatatu, 5 Mei

Kufuli limetoka, lakini Tata halali. Amekiri mwenyewe. Kwa hiyo Zacharia ameenda bekari na suluhisho kutoka kwao Gatuanyaga: kengele ya mbuzi. Ameifunga juu ya mlango wa nyuma, na badala ya kufuli pana komeo linalofunguka kwa ndani ukilisukuma kwa mkono au hata kwa kiwiko. Mlango ukifunguka, kengele inalia bekari nzima.

"Mbuzi wangu hakuna anayetoroka nisisikie," alimwambia Tata. "Na mkate pia hautatoroka, mama."

Tata ameufungua na kuufunga mpaka wafanyakazi wakaziba masikio.

Jumanne, 13 Mei

Mvua inapungua. Tata amelala usiku mzima, anasema Nyawira.

Ijumaa, 16 Mei

Leo imekuwa siku ya zoezi la kutoka kwa dharura katika bekari, na waajiri wengine wamekuja kutazama. Nyawira anaanza likizo wiki ijayo, kwa hiyo alisisitiza awepo. Tulisimama uani nyuma ya bekari, Bwana Njau na wenzake na mimi, jua limetoka kweli kweli. Zacharia akapiga filimbi ndani.

Kengele ya mbuzi ililia. Mlango ukafunguka. Wa kwanza kutoka, mbele ya wafanyakazi wake wote, alikuwa Tata Wamboi, anakimbia, amekumbatia kreti nzima ya mikate.

Wengine walitoka nyuma yake wakasimama. Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha ile sauti ya kwaya ya Akello ikasema:

"Kumbe, Madam, ni wewe ndio ulikuwa unatoa mikate na hii mlango?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile Ruiru. Bwana Njau alishika ukuta. Tata mwenyewe alicheka mpaka mikate ikamwagika.

Zacharia akapangusa macho. "Tunarudia. Na hakuna kubeba kitu."

Wakarudi ndani. Filimbi, kengele, mlango. Wakatoka kwa mpango, haraka, bila kusukumana. Akello alisimama kando akihesabu. Alihesabu, akatazama mlango, akahesabu tena. Wawili hawapo. Nilijua ni zoezi tu, na bado moyo wangu ulirudi kwenye ule moshi wa Aprili.

Kisha wakatokea. Nyawira anatembea polepole, mkono mgongoni, kama wanavyotembea wenye mimba kubwa. Na Tata yuko naye, amemshika kiuno, anaenda kwa mwendo wa Nyawira, mkono ule mwingine mtupu.

"Mkate nitapika mwingine," alituambia, anahema. "Huyu na mtoto wake nitawapata wapi?"

Nililia hapo uani mbele ya waajiri wote wa Ruiru, wala sioni haya. Akello akaniokotea mkate mmoja kati ya ile iliyomwagika, akaufuta vumbi, akanipa.